Naogopa mwenye nyumba hatanirudishia dipoziti, je naweza kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa kodi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimepanga fleti kwenye jiji kubwa, huu mwaka wa tatu, mkataba unaisha mwezi ujao na sitaendelea. Nilipoingia niliweka dipoziti ya kodi ya mwezi mmoja. Wapangaji wawili wa jengo hilihili walihama kabla yangu na wote wanasema mwenye nyumba aliwatafutia sababu akabaki na hela zao. Watu wananishauri nisilipe kodi ya mwezi wa mwisho, nikae tu tutakuwa tumemalizana. Je inafaa kidini? Pia mwanangu alitoboa ukuta wa chumbani kwa kucheza, nikaweka kabati pale, mwenye nyumba hajui. Allah akulipe kheri.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Alhamdulillah umeuliza kabla ya kufanya, manake wengi wananiletea swali hili wakiwa wameshahama na funguo wameziacha mlangoni. Na mimi nimekuwa mpangaji miaka mingi, nimeshawahi kuhama nikaacha dipoziti yangu yote huko nyuma, kwahiyo najua inavyouma hasa pale unapoihitaji hiyohiyo hela ndo ukaingilie nyumba nyingine.

Jibu kwa ufupi: bila yeye kukubali, haifai. Akikubali inafaa na wala hakuna tatizo.

Sasa tuelewane kwanza hiyo dipoziti ni nini. Watu wanaiita amana, na kama angeifungia mahali bila kuigusa kweli ingekuwa amana. Lakini wenye nyumba wengi wanaichanganya na hela zao wanaitumia, na wewe unajua na umeridhia, na hapo wanazuoni wanasema kinachoangaliwa ni maana sio jina, ile ni deni liko shingoni kwake. Maana yake hata akiibiwa au biashara yake ikianguka bado anadaiwa, hawezi kukwambia pole imepotea.

Ila deni hilo lina wakati wake. Linaiva siku umetoka, umekabidhi funguo na nyumba imekaguliwa. Kodi yako ya mwezi wa mwisho yenyewe imeiva sa hivi, unakaa, unalala, unapika. Kwenye fiqhi, yaani sheria za dini yetu, kuna kitu kinaitwa muqaasa, yaani madeni mawili yanakatana, mimi nakudai wewe unanidai tunafuta, lakini hayo yanajikata yenyewe pale yakiwa ya aina moja na yote yameshafika muda wake. Lako bado halijafika. Kwahiyo ukizuia kodi leo utakuwa umevunja mkataba wewe kabla yeye hajavunja kitu, na Allah amesema mwanzo kabisa wa suratul Maida, enyi mlioamini timizeni mikataba.

Wanaokushauri watakuletea hadithi ya Hind bint Utba, mke wa Abu Sufyan, alipomshtakia Mtume (s.a.w) kwamba mumewe ni bahili hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanae, Mtume akamwambia achukue kinachomtosha yeye na mwanae kwa wema. Hadithi ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim, na madhehebu ya Imam Shafii wameitegemea sana kwenye kuruhusu mtu aliyedhulumiwa achukue haki yake anapoipata. Lakini mwangalie Hind alikuwa na nini mkononi: haki iliyothibiti, na mtu ambaye tayari anaizuia. Wewe una hofu tu. Mwenye nyumba wako hajakunyima chochote bado, na kanuni yetu ni kwamba yakini, yaani jambo la uhakika, haiondolewi na shaka. Halafu kuna hadithi nyingine ya Abu Dawud na Tirmidhi, mrudishie amana aliyekuamini na usimfanyie khiyana aliyekufanyia khiyana, sasa kama aliyekukhini kweli tu tunaambiwa hivyo, itakuwaje kwa ambaye bado hajakukhini?

Na hao majirani, mimi siwakadhibishi, inawezekana kabisa wamedhulumiwa. Lakini umesikia upande mmoja. Mtume (s.a.w) alipomtuma Ali Yemen kuwa kadhi alimwambia asihukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Na hata kama wamedhulumiwa, dhulma yao haiwi deni lako wewe.

Cha kufanya, mtumie ujumbe leo, sio wiki ya mwisho. Mwambie nimebakiza mwezi mmoja, naomba kodi ya mwezi huu ikatwe kwenye dipoziti, njoo uikague nyumba kabisa sasa hivi kama kuna uharibifu nitalipa pembeni. Wapo wenye nyumba wanaokubali, hasa wakishaiona nyumba. Akikubali iwe kwa maandishi, hata meseji, aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, suratul Baqara 282, inaamrisha kuandika madeni na sisi waislamu tunaongoza kwa kuaibiana kuandika eti tunaaminiana. Akikataa, lipa kodi yako na utunze risiti.

Sasa huo ukuta. Hapa nakuomba usinichoke, kwasababu kwenye swali lako umeuweka mwishoni kama jambo dogo na mimi naona ndo kubwa. Mtume (s.a.w) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu ndani, akamuuliza mwenye nacho, akasema kimenyeshewa mvua, akamwambia kwanini hukukiweka juu watu wakaona? anayedanganya si katika mimi. Ameipokea Muslim. Kabati lako mbele ya tundu halina tofauti na nafaka kavu juu ya iliyolowa. Lisogeze. Ita fundi uzibe vizuri na upake rangi ifanane, au mwambie mwenyewe akate gharama halisi ya kuziba. Na ukiziba, bado mwambie, usiache agundue.

Lakini tundu ni tundu, sio nyumba nzima, na hapa nasema na wenye nyumba pia maana najua wanasoma. Mpangaji kisheria ya dini ni mwaminiwa, halipii kitu ila alichokiharibu kwa kuvuka mipaka au kwa uzembe. Rangi iliyopauka kwa jua, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa miaka mitatu, bomba lililozeeka, hivyo vyote ndo matumizi yenyewe aliyokuwa akiyalipia kila mwezi. Ukikata dipoziti kwa ajili ya hivyo umeuza kitu kimoja mara mbili na hiyo ya pili ni kula mali ya mtu kwa batili. Ukidai kaharibu, leta ushahidi, sababu ushahidi uko kwa anayedai.

Ndo maana dada yangu, piga picha kila chumba siku ya kutoka, na kama unazo za siku ulioingia ziweke pamoja. Kagueni wote wawili, muandike, msaini. Baada ya hapo akikunyima bila haki, hapo ndo umeingia kwenye hali ya kudhulumiwa na mlango wa kudai uko wazi, baraza au mahakama inayoshughulikia wapangaji, hata kama nchi haihukumu kwa sharia, kwasababu unachotafuta ni haki yako na sio zaidi. Usiende kung'oa mabomba na taa kufidia, nimeona watu wanafanya hivyo wanaingia wenyewe makosani.

Mwenye nyumba akiwa na hela anakuzungusha tu, Mtume (s.a.w) kasema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, mdai bila kumuonea haya. Akiwa kweli hana, Baqara aya ya 280 inakutaka umpe muda mpaka apate, ila deni na tarehe viandikwe.

Wallahu aalam.