Tochi inalinda au inakamua? Angalia imesimama wapi

Nabeba viazi kwa Fuso kutoka Mbeya kwenda Iringa, na nikishusha mzigo Ipogolo swali huwa lilelile: hizi tochi za trafiki, yaani vifaa vyao vya kupima mwendo wa gari, zipo kutulinda, au ni mradi wa kukusanya hela? Mimi nasema zinaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kinachoamua ni mahali askari aliposimama. Nitaeleza kwa nini, halafu niseme ninavyoendesha.

Chukua Igurusi au Chimala. Barabara ni hiyohiyo ya malori ya Zambia, na pembeni yake kuna magunia ya mchele, bajaji, mama ntilie, na wanafunzi wanaovuka. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, ile sekunde moja ya kushtuka tu linakwenda karibu mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Likiwa 80 linakwenda mita 22. Ukijumlisha na breki zenyewe, gari dogo kwenye lami kavu linahitaji kama mita 28 kusimama likiwa 50, na kama 57 likiwa 80. Fuso lililojaa viazi linahitaji zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Kwa hiyo anayeweka tochi mahali kama pale, hata akikusanya faini mia kwa siku, mimi sina ugomvi naye. Mtoto anayevuka hajali hela inakwenda wapi.

Na kamera zinafanya kazi, hilo tusibishane. Mwaka 2010 Cochrane, wanaochambua tafiti za afya, walipitia tafiti 35 kuhusu kamera za mwendo kutoka nchi mbalimbali. Karibu na kamera, ajali za vifo na majeraha makubwa zilikuwa zimepungua kati ya asilimia 11 na 44.

Lakini kuna tochi nyingine, na kila dereva anaijua. Nyumba zimekwisha, barabara imenyooka, kibao cha kumaliza 50 unakiona kwa macho, na kabla hujakifikia kuna mtu kwenye kichaka. Picha inatumwa kwa mwenzake mbele, unasimamishwa, unaandikiwa 30,000. Sheria umeivunja, hilo ni kweli. Ila nauliza: pale alikuwa analindwa nani? Wapo wanaosema tochi iliyofichwa inamfanya dereva aogope kila mahali. Hoja hiyo naielewa, lakini kwenye makazi siikubali. Askari anayeonekana kwenye kivuko anapunguza mwendo wa gari kabla halijamfikia mtoto. Aliyejificha anakuja na karatasi baada ya gari kupita, na kama mtoto ameponea chupuchupu, karatasi ile haikumsaidia.

Shaka hii haiko kwetu peke yetu. Uingereza, kuanzia mwaka 2000, waliruhusu sehemu ya faini irudi kulipia kamera zenyewe. Wananchi wakaanza kusema kamera zinatafuta wateja, na ingawa serikali ilizipaka rangi ya njano zionekane, manung'uniko hayakwisha. Mwaka 2007 utaratibu ule wa fedha ukaachwa. Hilo ndilo ningependa tulifikirie hapa pia: anayepiga tochi asipimwe kwa idadi ya faini. Apimwe kwa watu wangapi hawakugongwa kwenye kipande chake.

Sasa kwako wewe unayeshika usukani. Usiache shaka yako kwa askari ikuamulie mwendo. Kwenye kibao cha 50 fika tayari ukiwa 50, usianzie pale kukanyaga breki, na usikanyage mafuta mpaka upite kibao cha kumaliza. Hesabu ni ndogo: kila kilomita 10 za makazi, kati ya 80 na 50 unapoteza dakika nne na nusu. Tajiri wa gari anayekupigia simu kuuliza umefika wapi, mwambie hivyo. Mimi nilimwambia wangu, na tangu siku hiyo hanihimizi.

Taa za kupigiana kuonya kuna tochi, mimi nimeacha kuzitegemea na nimeacha kuzipiga. Ukimpigia mwenzako taa unamwambia apunguze hapa, na pia unamwambia kwamba akishapita akimbie.

Ukisimamishwa, shuka kwa adabu. "Afande, naomba nione picha." Angalia namba ya gari, mwendo, saa na mahali. Gari za kufanana ni nyingi kwenye msafara, kwa hiyo hakikisha ni la kwako. Kama ni kweli, chukua namba ya malipo ulipe kwa simu au benki, na ujumbe wa malipo uutunze. Usitoe fedha mkononi. Ukishatoa, wewe ndiye unayemfundisha yule askari kwamba kichakani kunalipa kuliko kwenye kivuko.

Na kuna mambo tochi haiyaoni kabisa. Haipimi breki zilizochoka. Mlima Kitonga na miteremko ya kuingia Mbeya inataka gia nzito tangu juu, maana gari likishachanganya, breki zikapata moto, hakuna tena la kushika. Haioni mashimo pia. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena liliangukia basi na zaidi ya watu 40 wakafa, na taarifa za siku zile zilitaja mashimo barabarani. Ndiyo maana dereva anayelipa faini leo na kesho akakuta shimo lilelile ana haki ya kuuliza faini yake inafanya kazi gani.

Ninyi mnaoishi kando ya barabara hii mna nguvu kuliko mnavyodhani. Mkutano wa kijiji ukikaa, ombeni tochi kwa jina la mahali: mbele ya shule, saa wanafunzi wanapoingia na wanapotoka, askari asimame aonekane. Ombeni na rasta, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo, na kivuko kilichopakwa rangi. Andikeni barua, mwenyekiti agonge muhuri, nakala iende kwa diwani na nyingine kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya.