Tortila zisigeuke uji

Pole dada. Umesema pastel azteca yako, kile chakula cha Meksiko cha tabaka za tortila (chapati nyembamba), ilitoka kwenye oveni imelegea kama uji, na Jumamosi una wageni. Yalishanikuta; tulikula kwa vijiko.

Nadhani tortila uliziweka zikavu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Chukua za mahindi, si za ngano, uzipitishe moja moja kwenye mafuta ya moto, sekunde 10 hivi kila upande. Zilainike tu, zisikauke. Zifute mafuta. Hapo mchuzi hauzipenyi haraka. Mchuzi nao uache uchemke mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia ibaki wazi kidogo.

Kisha panga: mchuzi, tortila, kuku wa kuchambua, pilipili poblano za kuchoma, krimu, jibini. Rudia mara 3. Poblano ukikosa, tumia hoho za kijani na pilipili kali moja. Oka kwa nyuzi 180, dakika 25 hadi 30. Ukiitoa usiikate! Iache dakika 10 ishikane.

Kuku aliyelala nje ya friji mtupe, usimhurumie. Na uliza mapema kama kuna mgeni mwenye mzio wa maziwa.