Muulize fundi: Shelfu ya juu ya radieta, ile ya kutoa na kurudisha

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Sisi tuko Leicester, nyumba ya kupanga, zile za zamani za matofali zilizoshikana. Kwenye korido tuna radieta, lile bati la ukutani linalopasha nyumba joto kwa maji ya moto, ndefu kama mita moja na kidogo, na ukuta wa juu yake umefanya weusi, nasugua weee hautoki wote. Nataka kuweka shelfu pale, ya funguo na barua na chetezo changu, maana korido yenyewe nyembamba meza haiingii. Baba Salma yeye anasema akate ubao aupachike ukutani moja kwa moja na gundi amalize, mi nikamwambia ngoja kwanza niulize, kwa sababu fundi wa boila, ule mtambo unaochemsha maji ya radieta, akija huwa anahangaika na hiyo radieta na mwaka juzi aliishusha kabisa. Inawezekana shelfu ikawa ya kutoka? Halafu joto si litazibwa? – Mama Salma, Leicester

JIBU: Waaleikum salaam Mama Salma, na baba Salma msalimie lakini mwambie hiyo gundi airudishe stoo kwanza. Radieta nyingi za huko Uingereza hazijafungwa ukutani, zimetundikwa tu kwenye breketi zilizo nyuma yake, kwa hiyo fundi akitaka kuishusha lazima ainyanyue juu kidogo ndo itoke. Sasa ukishagandisha ubao pale juu hainyanyuki, na huyo fundi hatabembeleza, ataubandua na plasta itatoka nao. Halafu kuna ile valvu ndogo ya kutolea hewa, ipo kwenye kona ya juu, ile ya ufunguo mdogo wa mraba, nayo mkono lazima ufike maana radieta ikiwa moto chini na juu imepoa ujue hewa imejaa ndani na utaihitaji hiyo valvu.

Kuhusu joto, watu wanadhani radieta inarusha joto mbele tu kama moto wa kuni lakini nyingi ya kazi yake ni hewa, hewa ya baridi inaingia chini inapanda kati ya zile bati za ndani inatokea juu ikiwa ya moto. Na hiyo hewa inapanda na vumbi, ndo huo weusi wako, kila msimu wa baridi vumbi linapigwa ukutani palepale. Shelfu iliyokaa vizuri inasaidia kwa sababu hewa ikigonga chini ya ubao inageuka inakuja mbele chumbani badala ya kupaa na ukuta mpaka darini. Ila acha nafasi. Mi nasema sentimita 10 kati ya radieta na ubao, 5 ndo mwisho, chini ya hapo unaifunga pumzi na kweli utapoteza joto. Upana wake upite uso wa radieta kidogo tu, sentimita mbili tatu, na kwa korido nyembamba usizidishe maana mtu atapita na mkoba aukwangue. Kama Salma bado mdogo viringa zile kona za mbele kwa msasa, huo urefu mara nyingi ndo urefu wa paji la uso la mtoto.

Haya, jinsi ya kuifanya itoke. Ziko njia kadhaa lakini mi nina moja naipenda na mafundi seremala wanaitumia hata kutundikia makabati ya jikoni. Chukua ubao wa plaiwudi wa milimita 18, upana kama sentimita 8, urefu wa shelfu yako upunguze kidogo, kisha uupasue katikati kwa urefu wake lakini msumeno umelala nyuzi 45. Unapata vipande viwili, kila kimoja kina ukingo wa mshazari. Kimoja kinaenda ukutani, mshazari ukiwa juu na ncha kali imeangalia chumbani, yaani kati ya ukuta na ubao panabaki kama mfereji. Cha pili kinageuzwa, ncha yake inaangalia chini, kinapigwa gundi na skrubu nyuma ya shelfu. Ukiishusha shelfu ile ncha inazama kwenye mfereji, na uzito wenyewe ndo unaivuta ikaze ukutani. Kuitoa unainyanyua tu kwa mikono miwili, hakuna bisibisi hakuna nini.

Sasa shelfu yenyewe sio ubao mmoja, inakuwa na mgongo. Ubao wa kulala, juu yake ubao wa kusimama wa sentimita 12 hivi, na huo wa kusimama usiuweke mwisho kabisa, urudishe mbele milimita 18 ili kile kipande cha mshazari kipate pa kukaa nyuma yake. Kwa hiyo ubao wa kulala ndo utagusa ukuta kwa chini, hapo shelfu haiinami hata ukiweka vitu ukingoni. Usije ukaweka mgongo chini ya shelfu, utakuwa umeziba hewa inayopanda nyuma ya radieta. Na kwenye ule ukingo unaogusa ukuta bandika utepe wa sponji, ule wa kuzibia madirisha, vumbi lisipate upenyo wa kupanda, na weusi hapo umekwisha habari yake.

Kabla ya kutoboa sikiliza vizuri. Angalia mabomba ya radieta yanatoka wapi. Yakitoka sakafuni una nafuu, lakini yakitokea ukutani kuna uwezekano yanashuka kutoka juu ndani ya plasta, na hapo usitoboe kabisa kwenye mstari unaopanda wima juu ya zile valvu mbili za pembeni. Nyaya za umeme nazo huwa zinakwenda wima au mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo kama kuna swichi juu ya radieta mstari wake wote ni wa kuogopa. Azima au nunua kile kifaa cha kutambua bomba na waya, bei yake sio ya kutisha ukilinganisha na maji kumwagika mpaka kwa jirani. Na nyumba ikiwa ya zamani ukuta ukiwa na ile rangi nene ya michoro michoro usitoboe wala usipige msasa mpaka ipimwe, inaweza kuwa na asbesto, zile nyuzi za madini ambazo vumbi lake linaharibu mapafu, Uingereza waliipiga marufuku yote mwaka 1999 lakini iliyokuwepo ukutani haikuondoka.

Kwa tofali, biti ya milimita 7, plagi za plastiki za kahawia, skrubu za milimita 60, tatu au nne zinatosha, na pima maji lazima. Ukigonga ukuta ukasikia uwazi basi ni jipsamu, tafuta mbao za ndani, mara nyingi ziko kila sentimita 40 au 60, sumaku ndogo itakuonyesha misumari ilipo.

Na mwandikie mwenye nyumba meseji kwanza, umtumie na picha, subiri akujibu kwa maandishi, ndo utoboe. Matundu hayahesabiwi kama uchakavu wa kawaida, atakata kwenye dipoziti.

SWALI: Fundi, mimi mwenye nyumba kakataa tundu hata moja. Zile shelfu za kuchomeka nyuma ya radieta bila kutoboa zinafaa? – Juma, Reading

JIBU: Zinafaa kwa vitu vyepesi, Juma. Vile vibreketi vinaingia kwenye uwazi kati ya radieta na ukuta, kwa hiyo uzito wote unabebwa na radieta yenyewe ambayo tayari imebeba chuma na maji. Picha, funguo, sawa. Vitabu hapana. Tatizo lake ni kwamba nyingi zinakaa chini sana, karibu zinalalia radieta, tafuta yenye miguu mirefu. Na kipande cha gundi kinachokuja nayo mi sikiamini, gundi na joto haviishi pamoja.

SWALI: Nilitumia mbao ya msonobari nzima, imepinda mwezi wa kwanza tu. Kwa nini? – Bi Mwana, Milton Keynes

JIBU: Imekauka upande mmoja Bi Mwana. Chini inapigwa na hewa ya moto juu hapana, basi inakunjamana. Tumia plaiwudi, au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ile ya kustahimili unyevu, uilaze ndani ya nyumba wiki nzima kabla ya kukata, na upake rangi pande zote hadi chini, watu wengi chini wanaacha kwa sababu hapaonekani.

SWALI: Unga wa mahamri naweza kuuweka juu ya hiyo shelfu uumuke? Jikoni kwangu baridi, nakanda usiku asubuhi uko vilevile. – Mama Abdul, London

JIBU: Weka mama, pale ndo pake. Funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu maana hewa ya pale kavu inatoa ngozi juu ya unga, radieta iwe vuguvugu isiwe imewashwa mpaka mwisho, na uchungulie mapema usingoje saa zile ulizozoea. Ila mishumaa, dawa za kopo la kupuliza, insulini na simu kwenye chaji usiviweke hapo hata dakika moja.