Kongamano la vijana Chinangali: zipe simu kazi

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje ili watu wa kongamano lako pale Chinangali, Dodoma, washiriki badala ya kuinamia simu. Zipe hizo simu kazi. Wiki moja kabla, fungua grupu la WhatsApp, uliza wanataka mada gani, na majibu yao yaingie kweli kwenye ratiba. Mtu huja kusikiliza alichokiomba. Siku yenyewe mshereheshaji asome maswali yanayotumwa, ataje na mtaa yalikotoka: Nkuhungu, Kizota, Area C. Wenye vitochi, yaani simu ndogo zisizo na WhatsApp, wape namba ya meseji, tafadhali sana usiwasahau. Ukitaka kurusha mubashara Facebook, jaribu mapema, na uwe na laini ya mtandao mwingine, maana umati ukijaa intaneti huelemewa. Picha zitoke jioni ileile. Za watoto, omba kwanza ruhusa ya wazazi.