Iache Kamera Ikutazamie Anga

Ukilitazama wingu kwa macho matupu, utadhani limetulia tu pale juu. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku niliyosimamisha kamera dirishani na kuitegesha ipige picha moja kila sekunde 5 kwa saa nzima. Nikapata picha 720. Nilipoziunganisha kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa kila sekunde ya video, saa ile ikawa video ya sekunde 30, na lile wingu "lililotulia" likawa linatokota kama sufuria jikoni: vichwa vinafura, vinapanda, vinayeyuka pembeni, vingine vinachipuka katikati. Juu yake, mawingu membamba kama nyuzi za pamba yalikuwa yakielekea upande mwingine kabisa. Upepo wa chini na upepo wa juu haukuwa mmoja. Nimeishi chini ya anga miaka yote hiyo bila kuliona hilo!

Ukitaka kujaribu, zima kila kitu cha otomatiki: mwanga, fokasi, hata rangi. Nilipoviacha vijiamulie vyenyewe, kila wingu lililopita mbele ya jua lilibadilisha mwanga wa picha, na video nzima ikawa inapepesa. Mawingu ya chini yanayokwenda kasi yanataka picha kila sekunde 2 au 3. Yanayojikokota, sekunde 10 zinatosha. Usiku, anga huonekana kuzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kwa lenzi pana shata, yaani kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, ikikaa wazi sekunde 20 hivi nyota hubaki vitone; izidishe sana na zitakuwa mistari. Na umande! Umewahi kunipotezea usiku mzima, lenzi imefunikwa ukungu nami nimelala. Siku hizi naifungia kimfuko cha joto.

Lakini ninalokusihi zaidi ni hili: usihamehame. Chagua sehemu moja, acha paa au mti uonekane chini ya picha, urudi hapo hapo siku baada ya siku. Hapo ndipo utaona asubuhi nyeupe, kisha ardhi ikipata joto vijiwingu vinazaliwa, vyote vikiwa na tako bapa katika kimo kimoja, kama vimewekwa juu ya meza ya kioo. Hapo ndipo hewa inayopanda inapopoa kiasi cha mvuke wake kuwa matone. Siku vinapofika kimo fulani na kutandaa, mara nyingi mvua sipati. Siku vinapotoboa na kuendelea kurefuka kabla ya adhuhuri, naanua nguo mapema.

Mradi ninaoupenda kuliko yote hauhitaji hata kamera nzuri: picha moja ya machweo kila wiki, kutoka pale pale. Mwezi Machi na Septemba jua linapiga hatua ndefu kwenye upeo, wiki hadi wiki. Ikifika Juni linapunguza mwendo, linasimama karibu na mti uleule kwa wiki kadhaa, kisha linageuka kurudi.