Amina, na Usisahau Kusabskraibu

Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, mke wangu alifua vitambaa vya makochi mara mbili. Jumamosi alfajiri sebule ilijaa, mikeka ikaongezwa mpaka mlangoni. Tukasoma Injili, tukashirikishana, kisha mwenyekiti, mzee wa watu asiye na makuu, akasema sala ya kufunga aitoe mtoto wa nyumba.

Binti yangu wa mwisho ana miaka sita. Alisimama, akafumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wavuvi walioko ziwani, akamwombea hata kuku wetu aliyekuwa anaumwa. Kichwa kikaanza kunivimba. Ndipo akamalizia: "Kwa njia ya Kristo Bwana wetu, amina, na usisahau kusabskraibu na kubonyeza alama ya kengele."

Watu wakaitikia, "Amina."

Mke wangu alikumbuka ghafla kwamba chai iko jikoni. Mimi nilikodolea macho sakafu. Aliyenimaliza ni mwenyekiti. Wakati anavaa viatu akaninong'oneza, "Mwanangu, hivi hiyo kengele inakaa upande gani? Mimi nikibonyeza inapotea."

Jioni ile nikatangaza sheria. Bongo Fleva marufuku, katuni za YouTube marufuku, kucheza mbele ya simu marufuku. Redio itapiga kwaya na taarifa ya habari. Wazazi wenzangu, nawaambia nikiwa nimeshaumia: haifanyi kazi, na hapa Kigoma ndiyo kabisa. Mji huu unawahesabu Diamond na Ali Kiba kuwa watoto wa nyumbani. Ukizima redio yako, bodaboda inapita na yake, saluni ya jirani inaitikia, na ukishuka Kibirizi kununua dagaa unakuta spika imewekwa juu ya ndoo. Mwanangu wa kati, mwenye miaka tisa, alivumilia siku nne. Siku ya tano nilimkuta nyuma ya choo cha nje, sikio limebanwa ukutani kwa jirani, midomo inachezacheza. Nilishikwa na aibu kuliko yeye.

Nikataka kumkemea. Akaniwahi. "Lakini baba, mpira siyo dhambi?"

Hapo alinipata pabaya. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ilichezwa huku huku kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Ilikuwa Jumapili. Mimi ni Yanga wa kurithi. Nilikwenda misa ya kwanza na jezi chini ya shati, na maombi ya waamini yalipita yote sijasikia hata moja, maana nilikuwa na ombi langu. Uwanjani kila mpira ulipokaribia lango letu nilifanya ishara ya msalaba. Bao moja la Taddeo Lwanga likatosha kutumaliza. Tukiwa njiani kurudi, mtoto huyu, wakati huo ana miaka mitano, akauliza: "Baba, yule jirani wa Simba naye alikuwa anaomba. Kwa hiyo Mungu alimsikia yeye?" Sikuwa na jibu. Nilimnunulia muwa.

Kumbe muwa ule hakuusahau.

Basi marufuku ikafa kimyakimya. Sasa tuna utaratibu mmoja tu: simu inasikilizwa sebuleni, kwa sauti, bila hedifoni, na anayeimba awe tayari kueleza anachoimba. Sikutegemea kama ungeleta vichekesho. Kuna wimbo fulani ambao jamaa anasifia embe kwa dakika tatu nzima. Nikamwuliza wa kati, "Haya, maana yake nini?" Akajibu kwa ujasiri, "Ana njaa." Mke wangu akainamia sufuria ya mgebuka kana kwamba amedondosha kitu ndani. Nikasema sawa, ana njaa. Lakini mkubwa, mwenye miaka kumi na minne, yeye anaelewa vizuri kabisa. Tangu siku hiyo mstari wa embe ukikaribia anakohoa, anapunguza sauti, anauliza nani anataka chai. Sijawahi kumkataza wimbo ule. Ameuchoka mwenyewe.

Na yule mdogo sikumpiga wala sikumgombeza. Nilimwuliza tu ile sala aliijulia wapi. Akaeleza kwamba watu wote wanaosema vizuri kwenye simu wakimaliza wanaaga hivyo, na yeye alitaka kumuaga Mungu vizuri. Nikamwambia Mungu hahitaji wafuasi wa kubonyeza. Akafikiri kidogo. "Kwani Yeye anao wangapi?"

Muulizeni paroko, mimi nina kazi.

Kuna mipaka ya mamlaka yangu, na mmoja upo Ujiji. Bibi yao mzaa mama anakaa huko, Mwislamu wa swala tano, na king'amuzi chake hakiguswi. Watalii wanakwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wanangu wanakwenda kuona sultani amemkuta nani na nani bustanini. Ni zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, na bibi anawajua wahusika kwa koo zao, nani mkweli, nani mchonganishi, nani haswali. Nilijaribu kumwambia kwamba mambo mengine hayawafai watoto. Akanitazama juu ya miwani. "Mkwe wangu, ukikaa nao ukawaonyesha mbaya ni yupi, yanawafaa."

Ijumaa iliyopita tulilala huko. Baada ya swala ya isha bibi alibaki kwenye mswala muda mrefu, viganja vimeinuliwa. Akawaombea marehemu, akatuombea sisi, kisha akamwombea shifaa "yule binti aliyetiliwa sumu kwenye sharubati."

Wa kati akastaajabu. "Bibi, si anaigiza?"

"Anaigiza, ndiyo. Lakini sumu ile mimi nimeiona."

Akapangusa uso kwa viganja. Yule mdogo alikuwa amekaa pembeni ya mswala, macho kayafumba, pua imekunjamana. Akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa, akavuta pumzi, akaishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kukohoa.