Je, bustani ya mvua itazuia maji ya paa langu yasiende kwa jirani?

Swali: Nimesoma kwamba mji wa Philadelphia, Marekani, hutumia bustani kupunguza maji ya mvua mitaani. Ninaishi Dar es Salaam, uani kwangu kote ni zege, na kila masika maji ya paa lenye mita za mraba 120 hukimbilia kwa jirani. Je, bustani kama hizo zitanifaa?

Jibu: Bustani ya mvua ni bonde la kina kifupi lenye mimea, linalopokea maji ya mvua na kuyaacha yazame ardhini. Itakufaa kwa kiasi, na kiasi hicho kitaamuliwa na udongo wako zaidi kuliko mimea utakayopanda.

Katika sehemu kubwa ya Philadelphia, takriban asilimia 60, maji taka na maji ya mvua hupita katika bomba moja la zamani, na mvua ikizidi mchanganyiko huo humwagika mitoni. Mwaka 2011 mji huo ulianza mpango wa miaka 25 ambao hesabu yake ya msingi ilikuwa kunasa inchi ya kwanza ya mvua, yaani milimita 25, katika kila eka ya lami, zege au paa inayoshughulikiwa. Hizo ni lita zipatazo 103,000 kwa eka, ambazo huzama ardhini au kuachiliwa polepole badala ya kuingia bombani kwa mkupuo.

Hesabu yako ni ndogo zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 25 juu ya paa lako ni lita 3,000. Ukichimba bonde la kina cha sentimita 15 utahitaji mita za mraba 20. Lakini ukiweka chini yake kokoto safi za unene wa nusu mita, ambazo nafasi zilizo kati yake huhifadhi maji kwa karibu theluthi ya ujazo wake, mita za mraba 10 zitatosha.

Kabla ya kuvunja zege lote, toboa sehemu moja, chimba hadi kina ambacho kokoto zitaishia, jaza maji, yaache yanywewe, jaza tena, kisha pima kwa rula kila nusu saa. Fanya hivyo wakati wa masika, kwa sababu udongo mkavu wa kiangazi hudanganya. Maji yakishuka sentimita mbili kwa saa, bonde lako litakauka kwa saa nane hivi, muda ambao mbu hawezi kukamilisha ukuaji wake. Yakikutwa yametuama kesho yake, una mfinyanzi au maji ya ardhini yako karibu, na hapo ningekushauri ununue tangi.

Bonde likae angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na karo la maji taka. Chini ya bomba la gata weka kishimo cha kutuliza mchanga, ukizoe mara kwa mara. Bustani nyingi nilizoitwa kukagua zilikuwa zimezibwa na mchanga na majani, wala hazikuwa zimeshindwa na mvua.

Mvua ya milimita 100 itakuletea lita 12,000, na bonde litafurika. Kwa hiyo acha tundu la kutolea maji ya ziada, sentimita chache chini ya ukingo, lielekee kwenye mtaro wa barabara, si kwenye ukuta wa jirani.